Rambirambi ya Mtani

Bibi yangu alikataa kubebwa. Kukataa huko ndiko kulikotuingiza kwenye mtandao, kisha kwenye mikono ya mtu aliyejiita mtani wetu, na mwisho kwenye msiba ambao marehemu aliusimamia mwenyewe huku anakunywa chai na mihogo.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameteleza kisimani akavunjika nyonga, nayo ikaunga vibaya. Tangu hapo dunia yake ikawa mkeka wa barazani na njia ya kwenda chooni, ambayo aliipita akijikokota kwa fimbo mbili huku akimlaani aliyechimba choo mbali. Kwa mzee mwingine hayo yangekuwa mapumziko. Kwa Bibi kilikuwa kifungo, kwa sababu alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa upande wetu wa Kibiti, nikiwemo mimi, ni yeye aliyetufunda tulipovunja ungo, na hapakuwa na aliyethubutu kuanzisha wimbo mkoleni kabla yake.

Sasa mwali alikuwa binti yangu mwenyewe. Yumo ndani, anangoja mpunga uishe kuvunwa ndipo atolewe apelekwe mkoleni. Na mkole, kwa asiyejua, ni mti. Uko porini ulipoota, wanawake ndio wanaoufuata na ngoma zao. Haung'olewi ukaletwa uani kwa kuwa kuna kikongwe anaumwa nyonga. Kutoka kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu mizima, njia nyembamba ya kichanga katikati ya mikorosho. Wanaume hawatii mguu huko.

Tulimpa Bibi njia zote. Baiskeli ilishindikana, kwa sababu nyonga haikukubali kupanda. Nikamwambia basi atabebwa mgongoni, tutapokezana wanawake wanne.

"Mkoleni anayebebwa ni mwali," alisema. "Kungwi huenda kwa miguu yake."

"Miguu yenyewe huna, Bibi."

"Basi nitafutieni mingine."

Nilijua kilichokuwa kinamuuma, na si nyonga. Tangu aanguke, ngoma ilikuwa imeshikwa na kungwi kijana. Namwita kijana kwa hesabu za Bibi, maana yule mwanamke alikuwa na miaka arobaini na ushee na wajukuu wawili. Bibi ndiye aliyemfundisha kila alichokijua. Ngoma ilipokuwa ikilia kwa mbali, Bibi alikuwa akiinua kidole barazani na kusema, "Hapo kakosea." Sisi hatukusikia kosa lolote. Alikuwa anaogopa kwamba kitukuu chake kitatolewa, watu watarudi wakisifia, na hatatokea hata mmoja wa kusema kuwa angekuwepo Bibi ingekuwa vingine.

Basi mimi, mwalimu wa shule ya msingi, msomi wa ukoo, nikasema nitatafuta kiti cha magurudumu.

Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria lilikwisha kuingia mpaka jikoni. Zilianza nguo za mitumba, zikafuata baiskeli za mitumba, redio, majokofu yanayotumika kama makabati. Daraja la Ndundu likafunguliwa, malori ya kusini yakawa yanapita kwetu mchana kutwa yakiwa na vitu ambavyo watu wa mbali wameshavichoka. Zikaja simu za mkononi, na juzijuzi tu pesa zilikuwa zimeanza kutumwa kwa simu. Halafu stationery moja karibu na stendi ikaleta kompyuta yenye mtandao, inayoendeshwa kwa jenereta. Mwenye stationery alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa na kawaida ya kusoma kila ulichokifungua kabla hujakisoma wewe.

Yeye ndiye aliyenionyesha ukurasa wa matangazo wa watu wa Dar. Kila kitu cha mitumba kilikuwemo: vitanda, feni, kamera, gauni la harusi lililovaliwa mara moja. Na kiti kilikuwemo. Rangi ya buluu, magurudumu yanang'aa, kimewekwa juu ya sakafu ya vigae. Chini yake iliandikwa kwamba kimetumika kidogo, mwenyewe amepona. Niliipenda sana hiyo ya kupona. Nikaona ni dalili njema.

"Una mtu Dar?" aliuliza mama wa stationery.

"Mdogo wangu yuko huko, muuguzi."

"Mtume akakione. Akikalie. Picha hata yangu ninayo ya kabla sijanenepa."

Nilicheka, nikaandika namba kiganjani, nikaenda zangu nyumbani.

Nilipiga simu nikiwa barazani, mbele ya Bibi. Akapokea mwanamume mwenye sauti changamfu. Nikamuuliza kama kiti bado kipo.

"Kipo, dada. Unapigia wapi?"

"Kibiti."

"Kibiti! Ni cha nani?"

"Cha bibi yangu."

"Bibi ni Mndengereko?"

"Ndiyo."

Akaangua kicheko. "Basi mpe simu mtani wangu. Mimi Mmatumbi wa kule vilimani."

Naomba msomaji aangalie vizuri nani aliyeuliza nani ni nani. Mimi niliangalia miezi miwili baadaye, nikiwa nasahihisha madaftari, nikaiangusha kalamu.

Kwetu, Wandengereko na Wamatumbi ni watani. Mtani atakutukana wewe na mababu zako, atamkamata kuku wako akamchinja, na ukinuna mwenye kosa ni wewe. Msibani ndiko hasa kwenye kazi yake. Anakuja bila kualikwa, anawachekesha wafiwa, anaketi ukingoni mwa kaburi na kuzuia mazishi mpaka apewe chochote. Ukoo usiozikwa na watani unaonekana umezika kimya kimya kama wezi. Bibi aliyaamini haya kama alivyoyaamini maji.

Mara ya kwanza simu ilipomfikia alikuwa amejilaza. Aliposikia neno mtani aliketi.

"Mmatumbi gani weye?" akauliza. "Wa wale waliopanda kilimani kwa kuogopa maji ya magoti?"

Sikusikia jibu, lakini Bibi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akamwambia kwamba babu yake, huyo Mmatumbi, aliazima jembe kwetu na mpaka leo halijarudi. Mtani akajibu, kama Bibi alivyotusimulia jioni nzima, kwamba jembe walilirudisha, ila Wandengereko hawakulitambua kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuliona likiwa safi. Waliendelea hivyo mpaka salio langu likaisha. Siku ya pili mtani akapiga mwenyewe. Siku ya tatu pia. Bibi, ambaye tangu aanguke alikuwa anakula vijiko vitatu na kusukuma sahani, alianza kumaliza wali.

Hakuna aliyeuliza kama kiti kina breki. Hakuna aliyeuliza upana wake, wala yaliko makazi ya huyo mgonjwa aliyepona. Mdogo wangu alinipigia kutoka Dar, akasema Jumamosi hana zamu, aelekezwe mahali akakikague. Nikamweleza Bibi.

"Umkague mtani?" Alinitazama kama niliyependekeza kumpekua imamu mifukoni. "Mke mwenzangu, mtu mzima anakutukania babu yako vizuri namna ile, halafu unamtumia mkaguzi? Utanitia aibu mpaka Kilwa."

Ningeweza kubisha. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti ukutani. Lakini na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshampenda. Sauti yake ilikuwa imemrudishia Bibi hamu ya kula, na mtu wa namna hiyo unaona haya kumuuliza risiti. Baba yangu, ambaye ni mwanawe Bibi, alikuwa ameuza sehemu ya mpunga kwa ajili hiyo. Nikampelekea wakala dirishani, pesa zikaenda. Jina lililotokea kwenye ujumbe lilikuwa la mwanamke. Nikajiambia ni la mkewe.

Mtani alisema kiti kitapanda basi la asubuhi. Baba na mimi tukaenda stendi na mkokoteni. Basi likaja, wakashuka watu, magodoro, kuku na jogoo mmoja aliyekuwa na tiketi yake, kwa jinsi alivyokuwa amekaa. Kiti hakikushuka. Mtani akasema buti ilijaa, kesho. Kesho tukaenda tena na mkokoteni. Akasema wapakiaji wanataka kifungwe kwenye mbao kisije kikavunjika, niongeze kidogo cha fundi.

Hicho kidogo nilikituma. Sikumwambia Baba, sikumwambia Bibi, na mume wangu nilimwambia nimenunua chaki. Nikiulizwa leo ni wapi nilipopotea, sisemi ni kwenye tangazo, wala kwenye utani. Nilipotea kwenye hicho kidogo, kwa sababu kufikia hapo moyoni nilikwisha kujua. Nilituma ili nisilazimike kukubali.

Siku ya tatu hakupokea. Siku ya nne hakupokea. Simu yake iliita vizuri tu, ila kila akiona namba zetu anaziacha ziite. Nilikwenda kwa wakala, akaniambia pesa zilitolewa zamani, hazikukaa hata robo saa. Nikaenda kituoni. Askari alikuwa muungwana, akafungua kitabu, akaniuliza jina la mtuhumiwa. Nikagundua kwamba katika simu zote zile sikuwahi kumuuliza.

"Tulikuwa tunamwita Mtani," nikasema.

Askari aliyekuwa nyuma yake alitoka nje. Nilimsikia anacheka huko, na sikumlaumu. Nikapewa namba ya kumbukumbu kwenye kikaratasi, nikakitia kwenye sidiria.

Mama wa stationery aliniwekea kiti cha plastiki, akafungua tena ukurasa ule. Kiti chetu cha buluu kilikuwa bado kipo, vigae vilevile. Akateremka chini zaidi. Kilikuwepo tena, kwa namba nyingine ya simu, kinauzwa Mwanza. Akateremka tena, kiko Arusha. Kiti kimoja, na kila mahali mwenyewe amepona.

"Ukitaka kitu," akaniambia polepole, kama anayesema na mgonjwa, "omba picha ya upande wa pili, na leo, na mtu amesimama pembeni. Mwenye mali ataipiga akutumie. Mwongo ataanza kukwambia anavyokupenda."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Bibi yote, hata habari ya chaki. Nilitarajia alie. Alichokifanya ni kunikataza nisirudi kituoni.

"Mtani hashitakiwi," alisema.

"Bibi, huyu si mtani. Huyu ni mwizi tu."

"Unajuaje?"

"Ametuibia!"

"Mtani huchukua. Babu yako alichukuliwa mbuzi mzima. Ila mtani akichukua, ukimwita msibani anakuja. Mwizi haji. Huyu tumemwita wapi asije?"

Nilikasirika, na nitakiri kwamba sijamaliza. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwali atolewe. Mpunga wa Baba umekwenda, kiti hakuna, na yeye amekaa pale anamtetea mtu ambaye hata kabila lake hatulijui kwa hakika. Nikamwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake, kwamba ameponzwa na kuchekeshwa. Sahani ya mchana aliisukuma, na ya jioni pia. Hapo hasira yangu ikachanganyika na woga, maana nilijua mtu huyu anaweza kujikausha kwa kusudi.

Kesho yake asubuhi akaniita. Alitaka simu ambayo mtani haijui namba yake. Mama wa stationery alikuja mwenyewe na simu yake, nadhani kwa sababu hakutaka kukosa. Baba aliposikia mpango alisimama, akasema kuzusha kifo ni dhambi na ni kujiitia mauti, na yeye hayumo. Akaenda akakaa upande wa pili wa nyumba, kwenye dirisha ambalo sauti inasikika vizuri zaidi.

Bibi alimeza funda la chai, akakohoa, akainua sauti ikawa nyembamba ya kilio. Simu ikawekwa kwenye spika.

"Asalaam alaykum. Miye dada yake yule bibi wa Kibiti. Mtani wako kafariki."

Ikajibu sauti ileile, ila bila uchangamfu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

"Alfajiri ya leo."

"Kaugua nini?"

"Kiti," Bibi akasema. "Kakingoja kiti mpaka roho ikachoka."

Mama wa stationery alijifunika uso kwa kanga.

"Tunazika alasiri," Bibi akaendelea. "Kaburi liko wazi, tunamngoja mtani wake aje azuie. Alikuwa na mtani mmoja tu wa siku hizi."

"Niko mbali, mama," yule mtu akasema. Nilishangaa, kwa sababu sauti ilikuwa imeshuka.

Bibi angekoma hapo, nadhani tungepata pesa zote. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kujizika kwa haraka. Akaanza kumsifu marehemu. Akasema hakuna mwanamke aliyeimba kama yeye kutoka Kibiti mpaka Ngorongo. Akasema alikuwa mcha Mungu, mkarimu, hana kisirani. Akasema amekufa na uzuri wake, na meno yake yote kinywani.

"Meno yote?" yule mtu akauliza. "Mbona kwenye simu nilikuwa nasikia upepo?"

"Upepo wa kwenu kilimani, mshenzi we!" Bibi akafoka kwa sauti yake mwenyewe.

Alitia mkono mdomoni, lakini neno limeshatoka. Tukatazamana. Kwenye simu kikaanza kicheko kidogo, kikapanda, mtu akacheka mpaka akakohoa. Bibi naye akashindwa. Kutoka upande wa pili wa nyumba nilimsikia Baba anacheka, mtu aliyesema hayumo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja aseme kitu juu ya kiti. Hakusema. Simu ikakatwa.

Siku mbili hapakuwa na lolote. Siku ya tatu mama wa stationery alikuja anatweta, kanga mkononi, hajafunga duka. Pesa zilikuwa zimeingia kwenye simu yake. Hazikuwa zote, zilikuwa nusu na kidogo. Nyuma yake ulifuata ujumbe: "Rambirambi ya bibi yangu. Nyingine nimekula, msiba una gharama."

Bibi alitaka asomewe mara tatu.

"Wangapi," akauliza, "wameipokea rambirambi yao kwa mkono wao?"

Nikamwambia nusu ya wizi ni wizi. Akaniambia mwizi hatumi. Nikamwambia huyo alitaka tu tusirudi kituoni. Akaniambia, basi ni mtani mwoga. Tulibishana juu ya hilo miaka yote aliyobaki nayo, na kila mmoja wetu akabaki na lake. Mimi nasema hadi leo alikuwa mwizi, na kwamba angepigiwa na Mhaya angekuwa mtani wa Wahaya.

Siku nane zilikuwa zimebaki. Safari hii sikupiga simu barazani. Nilimpata muuzaji mwingine kwenye ukurasa uleule, mama mmoja wa Temeke. Nikamwomba picha ya upande wa pili, akaituma baada ya dakika chache, na yeye mwenyewe kasimama pembeni na sufuria mkononi. Mdogo wangu akaenda mchana kweupe, na mwenzake wa zamu. Alikikalia. Akamkalisha mwenzake akamsukuma uwanja mzima. Akakipindua juu chini, akavuta breki, akakipandisha kwenye mteremko wa mtaro akakiachia. Alivyonisimulia, katikati ya shughuli hiyo alimwona yule mama anafuta macho. Kiti kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyekikalia mpaka mwisho. Mdogo wangu akaona haya akataka kuacha.

"Kikague, mwanangu," yule mama akamwambia. "Mimi jokofu langu lilikuja halina mashine ndani. Kikague vizuri."

Kilichopungua tulikichangia, shangazi zangu na mimi, na chaki zikaongezeka kidogo nyumbani kwangu. Kiti kilishuka kwenye basi siku tatu kabla. Kilikuwa cha kijivu, kimeliwa na kutu kwenye mikono, na gurudumu la kulia lilikuwa linalia. Bibi alikizunguka kwa macho, akasema kinafanana na mtu aliyekwenda hija kwa miguu. Siku hizo tatu alizunguka uani akiwafukuza kuku wa jirani.

Siku yenyewe ilipofika tulitoka baada ya chai. Binti yangu alibebwa, amefunikwa, kama inavyotakiwa. Bibi alitangulia kwenye kiti, kanga mpya, nikimsukuma mimi. Barabarani tulikwenda kwa fahari, watu wakipiga vigelegele kutoka milangoni. Tukaingia kwenye mikorosho, kichanga kikaanza kuwa laini. Gurudumu lilizama, tukalivuta. Likazama tena. Nyimbo zilikuwa zinasikika mbele, wenzetu waliotupita na mwali wameshaanza, na kiti kimekita mpaka kwenye ekseli. Nilisukuma mpaka nikapiga magoti. Nikajikuta nalia, mwanamke mzima, kwa sababu zilikuwa hatua kama mia tu na nilikuwa nimezifanyia kazi mwezi mzima. Sisi watu wa kichangani, waliozaliwa wakitembea juu yake, hatukuwa tumekumbuka kichanga.

Bibi alitazama chini, akatazama mbele kulikokuwa na ngoma. Nilimwona anapigana na nafsi yake.

"Haya, nibebeni," alisema. "Miye si nshakufa juzi? Maiti hana makuu."

Tukamwinua wanawake wanne, na kiti chake, juu mabegani. Tukaingia naye mkoleni namna hiyo, akiwa juu ya kila mtu, ameshikilia mikono ya kiti iliyoliwa na kutu.

Ngoma ilinyamaza. Yule kungwi kijana alikuwa katikati, jasho linamtoka. Alikuja mpaka tulipomteremsha Bibi, akapiga goti kwenye mchanga, akamwamkia, kisha akarudi nyuma akamwachia nafasi. Bibi akaanzisha wimbo, ule wa kwanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. Tukaitikia. Akaimba ubeti wa pili. Kwenye wa tatu alifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Nilidhani ameishiwa pumzi. Nilipomtazama usoni nikaona kwamba ameusahau. Wimbo aliouimba miaka hamsini, aliotuchapa fimbo za miguu tulipoukosea, haupo. Macho yake yalikuwa yanautafuta kwenye nyuso zetu moja moja. Binti yangu alikuwa amefunikwa, hakuona, na kwa hilo nilishukuru.

Kungwi kijana hakumwacha ahangaike. Akauchukua ubeti kwa chini, taratibu, kama anayeitikia tu, akauinua mpaka mwisho, na ngoma zikamfuata. Aliyekuwa mbali angedhani ndivyo ilivyopangwa. Bibi alimtazama. Kisha akaanza kupiga makofi kwa mapigo, akawa anaitikia pamoja na sisi, na aliitikia mpaka mwali akatolewa.

Watu walirudi wakisifia. Wengine walimsifu Bibi, wengine walimsifu yule mwingine, na wote walikisifia kiti. Nilimsukuma nyumbani polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa orodha ya makosa, wapi wamechelewa kuitikia, ngoma ipi imelegea. Njia nzima hakuinua kidole. Tulipofika barabarani, gurudumu likiwa linalia, alinivuta kanga ili niiname.

"Yule kungwi kijana anaimba vizuri kuliko miye," alisema. "Usimwambie."

Sikumwambia.